Machela ya Bwana King'ora

Mji mzima ulimjua kwa jina la Bwana King'ora. Jina hilo alilipata kwa sababu magari yake ya wagonjwa yalilia king'ora hata dereva anapokwenda kununua sabuni ya kuyaoshea. Watu waliyapisha, wakatia matairi mtaroni, halafu gari likipita wanamwona dereva anatafuna mkate. Mwanzoni walikasirika, baadaye wakacheka, mwishowe wakazoea. Hospitali kuu ilikuwa na gari moja tu la wagonjwa, nalo lilikaa gereji zaidi kuliko barabarani, kwa hiyo mtu akizidiwa ilikuwa ni Bwana King'ora au kubebwa mgongoni.

Muuguzi mmoja wa wodi ya wanawake alikuwa akicheka na wenzake kila gari la bwana huyo lilipoingia getini na mbwembwe zake. Siku alipopanda ndani yake, kicheko kilikauka.

Alikuwa na mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, na nyumbani waliendelea kumwita Kitinda hata alipokuwa mtu mzima. Baba yao alikwisha kufariki. Dada mtu ndiye aliyemsomesha, akamsuka nywele, akamfokea, akamfichia makosa kwa mama. Kitinda aliposhika mimba na aliyempa mimba akaota mbawa, ni dada aliyesema basi, mtoto hawezi kukosa nyumba. Akajifungua salama kwenye zahanati ya mtaani, mtoto wa kike, mwenye sauti ya kuamsha jirani. Lakini chai aliyoletewa haijapoa, Kitinda akaanza kutafuta pumzi. Kifua kikawa kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyetoka mbioni, midomo ikabadilika rangi. Zahanati ikapiga simu. Gari likaja mchana kweupe, likilia mtaa mzima. Mama akabaki na kichanga, dada akapanda na mgonjwa.

Humo ndani kulikuwa na mhudumu mwenye koti jeupe lililopigwa pasi vizuri. Dada alimwambia amfungulie mgonjwa oksijeni, akamwona anashikashika mpira wa mtungi, hajui aanzie wapi. Akamsogeza, akamvisha Kitinda barakoa, akafungua mtungi mwenyewe. Mtungi ulitoa mluzi mfupi, kama mtu anayeita paka, ukanyamaza. Akagonga geji. Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri wala haukushtuka. Akauliza mtungi wa akiba uko wapi. Mhudumu akainamisha kichwa, akasema yeye ni mwosha magari, ameambiwa tu avae koti.

Dada alijua ugonjwa, alijua dawa, alijua nini kilikuwa kikitokea kwenye mapafu yale, na mikono yake ilikuwa mitupu. Alichoweza kufanya ni kumwinua mdogo wake, akamwegemeza kifuani pake na kumpepea kwa khanga. Kitinda akamshika kidole kama alivyokuwa akikishika alipokuwa mdogo wakivuka barabara. King'ora kililia juu yao njia nzima. Walipofika, mlango wa nyuma, uliokuwa umebonyea, ukakataa kufunguka. Dereva akahangaika nao kwa bisibisi, na wauguzi wa mapokezi wamesimama nje wakingoja. Ulipofunguka, hakukuwa tena na wa kukimbizwa.

Bwana King'ora alikuja mazishini. Alikuwa mtu wa umbo kubwa, mwenye suti nyeusi na sauti ya upole, akamshika kila mtu mkono, akamwita mama wa marehemu "mama yangu". Dada akamwita pembeni, akamuuliza kuhusu mtungi. Bwana King'ora hakukasirika. Alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto jambo la wakubwa.

"Dada yangu, pole sana," alisema. "Lakini mtungi hauongezi siku za mtu."

Mama yao alikuwa ameketi karibu, na alikuwa na masikio yasiyopitwa na kitu. Waombolezaji walipotawanyika, mama alikaa na kichanga mapajani, macho makavu, akamwambia binti yake aliyebaki, "Watakuja watu kuniambia nisamehe. Wewe usiniambie."

"Sitakuambia, mama."

Hawakula kiapo wala hawakushikana mikono. Lakini tangu siku hiyo nyumba ile ilikuwa na kazi moja mbele yake.

Dada alianzia polisi. Polisi walimwandalia kiti, wakamsikiliza, kisha wakampa ukweli wenyewe: hakukuwa na sheria inayosema gari la wagonjwa liwe na nini ndani. Mtu akiwa na gari refu, rangi nyeupe na king'ora, tayari ana ambulensi. Mtungi mtupu haukuwa kosa. Mwosha magari kuvaa koti jeupe haikuwa kosa. Mlango mbovu ulikuwa kosa la barabarani, nao waliweza kumwandikia dereva onyo. Akawashukuru, akaondoka akiuma meno.

Miaka ikapita. Mtoto wa Kitinda akatembea, akaota meno, akaanza shule. Alimwita bibi yake "mama" na mama mkubwa wake akamwita "mama mkubwa" kama inavyotakiwa. Muuguzi akaongeza masomo, akapanda cheo, akaonekana mtu aliyetulia. Mama ndiye aliyekuwa hatulii. Alikuwa na desturi ya kuuliza swali lile lile katikati ya chakula, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi: "Umemfikia?" Binti akajibu bado. Mama akaendelea kula.

Kisha ajali mbili tatu za magari ya wagonjwa zikatangazwa redioni, watu wakapiga kelele, na serikali ikaunda bodi ya kusimamia huduma za ambulensi za binafsi. Bodi ilitafuta wauguzi wazoefu wa kusaidia kuandika viwango na baadaye kuwa wakaguzi. Muuguzi aliposoma tangazo hilo, aliacha wodi kama mtu anayevua kiatu kinachobana.

Kwenye kamati ya viwango wenzake walimwogopa. Wao walizungumzia mambo ya jumla: usafi, ustaarabu, huduma bora. Yeye alitaka kila neno liwe na meno. Mtungi wa oksijeni uwe umejaa kabla gari halijatoka, na wa akiba uwepo. Anayekaa na mgonjwa awe amesomea, na cheti chake kionekane. Machela ifungwe sakafuni. Mlango wa nyuma ufunguke kutoka ndani kwa mkono mmoja. Mwenzake mmoja akamuuliza kwa utani kama amewahi kufungiwa humo. Akasema ndiyo, akageuza ukurasa, na hakuna aliyeuliza zaidi. Viwango vilipopitishwa, alivisoma nyumbani kwa sauti, mama akimsikiliza kwa kichwa kilichoinama kama yuko ibadani.

"Hivyo vyote vinamhusu yeye," mama akasema.

"Vinawahusu wote, mama."

"Nimekuelewa. Lakini aanze yeye."

Hakuanza naye, kwa sababu hakuwa mjinga. Alikagua kwanza kampuni nyingine, akafungia moja, akaonya nyingine, akapitisha zilizostahili, mpaka mji ukamjua kwa jina la Mkaguzi na kusema kwamba mama yule hana rafiki wala adui. Hapo ndipo alipokwenda kwenye yadi ya Bwana King'ora.

Bwana King'ora alikuwa ameshanenepa na kupata mvi za heshima. Hakumtambua. Wangapi aliowashika mikono mazishini? Alimpokea kwa soda baridi ambayo Mkaguzi hakuigusa, akamwita "mama mheshimiwa", akamwonyesha magari yaliyopangwa ukutani yaking'aa. Ila aliomba wakague moja moja, taratibu, na kati ya gari moja na jingine wapumzike kivulini, maana jua lilikuwa kali na yeye hakutaka mgeni wake aumwe kichwa.

Gari la kwanza lilikuwa na mtungi uliojaa pomoni. La pili pia. La tatu Mkaguzi alipoingia, pua ya muuguzi wa zamani ikanusa kitu. Mtungi ulikuwa na mkwaruzo ubavuni, karibu na shingo, na alikuwa na hakika ameuona mkwaruzo huo ndani ya gari jingine. Alifungua mkoba, akatoa kichupa cha rangi ya kucha, akapaka doa dogo jekundu chini ya kitako cha mtungi, akashuka akisifia usafi. Wakaenda kivulini. Bwana King'ora akamsimulia habari za wanawe. Nyuma ya magari milango ilisikika ikifunguliwa na kufungwa polepole, kwa adabu.

Kwenye gari la nne akapiga goti, akainua mtungi. Doa lilikuwepo, halijakauka hata vizuri, likamwachia alama kidoleni. Kwenye la tano likawa limeshakauka.

"Bwana," alimwambia mwenye yadi, "mtungi huu unatembea kuliko magari yako."

Akaandika amri ya kuyasimamisha magari yote mpaka shauri lisikilizwe mbele ya bodi. Ndipo Bwana King'ora akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, kwa makini, kama mtu anayetafuta funguo gizani. Baada ya siku chache, alizipata. Aliuliza huku na huku, mtu akamkumbusha ile zahanati, yule binti na yale mazishi. Akapeleka malalamiko kwa bodi kwamba Mkaguzi ni dada wa marehemu, kwamba alificha jambo hilo, na kwamba ukaguzi wote ni kisasi kilichovalishwa sare ya serikali.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa daktari mstaafu, mwanamke mfupi mwenye maneno machache, na hakupenda kushtukizwa. Alimwita Mkaguzi ofisini kabla ya kikao, akamwambia wazi kwamba alipaswa kusema mapema, na kwamba kwa kukaa kimya amempa adui yake fimbo. Mkaguzi alikubali. Hakujitetea. Alikwenda kukaa kwenye benchi la korido akingoja kuitwa. Mikono yake ilikuwa imetulia, lakini ndani alihisi kama amelibeba jiwe miaka yote hiyo na sasa linamponyoka mlangoni.

Kikao kilijaa. Bwana King'ora alizungumza vizuri, bila makelele. Alisema anaheshimu uchungu wa kila mfiwa, lakini mtu hawezi kuwa mfiwa na hakimu kwa wakati mmoja. Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Maneno yalikuwa na akili ndani yake, na hilo ndilo lililomuuma Mkaguzi zaidi. Mwenyekiti akamgeukia, akamuuliza mbele ya watu wote kama ni kweli ana kisasi na mtu huyu.

"Ni kweli," Mkaguzi akasema. "Ninacho, wala sijapata siku ya kukiacha. Lakini geji haina kisasi. Mtungi hauna kisasi. Mimi niwekeni pembeni, tumeni mtu yeyote mnayemwamini, aende akavifungue yeye."

Bwana King'ora akaona njia, akaikimbilia. Akasema magari yake hayana wasiwasi, kwamba tangu amri ile ameyatengeneza yote, na kwamba yeye mwenyewe, na umri wake huu, angelala ndani ya lolote kati yake na kuvuka nalo mji. Aliisema kama wanavyosema watu sokoni wanaposifia mali.

Mkaguzi alikuwa ameshakaa chini. Hakusimama. "Basi alale," akasema.

Waswahili wana msemo kwamba paka hakubali kulala chali. Bwana King'ora alitazama kushoto na kulia, akitafuta mtu wa kucheka ili jambo ligeuke mzaha, asimpate. Mwenyekiti alikuwa ameshachukua mkoba wake.

Walikwenda yadini hapo hapo. Mwenye mali alielekeza mkono kwenye gari la mbele, jipya, lakini mwenyekiti akalipita, akalichagua la mwisho kabisa, lililoegeshwa kinyume karibu na pipa la taka. Mkaguzi alilitambua kabla halijageuzwa: ndilo lililombeba Kitinda. Lilikuwa limepakwa rangi upya, lakini mbonyeo wa mlango wa nyuma ulikuwa pale pale. Akashika ukuta, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Bwana King'ora akavua koti, akalala kwenye machela kwa heshima zake zote, tai kifuani. Mwenyekiti akakaa kiti cha pembeni. Alimwambia Mkaguzi apande akae kichwani mwa mgonjwa, mahali pa mhudumu, ila asiguse kitu chochote mpaka aambiwe. Dereva, mzee aliyefanya kazi hapo tangu zamani, akawasha gari bila kumtazama mtu.

Kona ya kwanza machela ikateleza. Ilikwenda mpaka mlangoni, ikagonga, ikarudi, na Bwana King'ora akashika hewa. Mkanda aliofungwa ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa viatu, ukakatika kona ya pili. Kisha moshi ukaanza kupanda. Sakafu ilikuwa imetoboka chini ya zulia jipya, na bomba la moshi lilipumulia humo ndani kama mtu anayepuliza moto. Mwenyekiti akatoa leso, akaziba pua. Bwana King'ora aliyelala chini, karibu na tundu, hakuwa na leso. Akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka mvi zake zikalowa jasho, akajaribu kuinuka, kona nyingine ikamlaza. Macho yake yakatafuta uso wa mtu, na uso uliokuwa juu yake ulikuwa wa Mkaguzi.

"Oksijeni," akasema.

Mkaguzi alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Akamvisha barakoa kwa mikono ileile, kwa utaratibu uleule, akafungua mtungi. Ukapiga mluzi mfupi. Ukanyamaza.

Bwana King'ora alingoja pumzi iliyokuwa haiji. Hapo, katika macho ya mtu yule, Mkaguzi aliona kile alichokuwa akikitafuta miaka yote: alikuwa ameelewa. Hakuwa ameelezwa wala kuambiwa. Alikuwa ameelewa kwa kifua chake mwenyewe. Na Mkaguzi, hebu tuseme kweli, alifurahi. Furaha ilimpanda kama maji ya moto mwilini, hadi vidole vikamwasha. Angeweza kumgongea dereva asimame. Dirisha la dereva lilikuwa kwenye kiwiko chake. Hakugonga. Alitamani barabara ile isiwe na mwisho.

Alimwinamia, karibu na sikio.

"Mtungi hauongezi siku za mtu," alimwambia. "Unakumbuka?"

Bwana King'ora akafumba macho. Alikumbuka.

Aliyegonga dirisha ni mwenyekiti, mara mbili kwa ngumi, huku akikohoa. Gari likasimama kando ya duka la vyuma. Mlango wa nyuma ukagoma kutoka ndani, ukagoma kutoka nje, na dereva akazunguka na bisibisi akihangaika, na mwenye duka akatoka na nondo kusaidia, na watu wakajaa, mpaka ukafunguka. Mwenye kampuni akashuka kwa magoti, akaketi ukingoni mwa barabara, shati limetoka kwenye suruali, anameza hewa ya vumbi kama asali. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita akauliza mgonjwa ni nani. Dereva akajibu, "Tajiri."

Bodi haikuhitaji kikao kirefu. Leseni ilifutwa, magari yakaondolewa barabarani, na Mkaguzi naye akapewa onyo kwa kuficha uhusiano wake na shauri. Alilipokea onyo hilo kwa mikono miwili. Nyumbani alimkuta mama anachambua mboga. Kabla hajaulizwa, akasema, "Nimemfikia." Akamsimulia yote, kona kwa kona. Mama alitaka arudie pale penye mluzi. Akarudia. Mama akacheka, kicheko ambacho hakikuwa kimesikika ndani ya nyumba ile tangu Kitinda afariki, mpaka mjukuu akatoka chumbani na kalamu mkononi kuuliza kuna nini. Kisha mama akaendelea kuchambua mboga, na binti yake akaona majani yanaanguka nje ya sinia.

Ingekuwa hadithi imekwisha, watu wangelala. Lakini Bwana King'ora alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Mvua zilipokwisha alirudi kwenye bodi, amekonda, na ombi jipya la leseni. Alisema ameuza ile mikweche kwa chuma chakavu, amenunua magari mengine, ameajiri wauguzi wenye vyeti. Mwenyekiti akamwambia atatumwa mkaguzi mwingine, ili haki ionekane. Bwana King'ora akakataa.

"Nileteeni yule yule," akasema. "Akinipitisha yule mama, hakuna mdomo utakaonisema tena mji huu."

Mkaguzi alipoambiwa, alielewa hila hiyo mara moja, na ikamchoma. Chuki yake, aliyoilea kama mtoto, mtu huyu alitaka kuibandika kwenye magari yake iwe tangazo. Akaenda yadini asubuhi amejaa ghadhabu, akakagua kama mtu anayetafuta sindano iliyomchoma mwanawe. Alilala chini ya magari. Alijifungia ndani, akafungua milango kwa mkono mmoja, wa kushoto, macho amefumba. Alivuta mikanda kwa uzito wake wote. Aliwauliza wauguzi maswali ya mitihani, wakamjibu. Bwana King'ora alisimama mbali, safari hii hakuleta soda.

Hakukuwa na kosa.

Kwenye gari la mwisho alibaki peke yake. Mtungi ulikuwa mbele yake, mshale wa geji umesimama juu kabisa. Mkono wake ukaenda kwenye valvu, kupima kama imekazwa, ukakaa hapo. Wazo lilikuja lenyewe, bila kuitwa, na lilikuwa tamu. Ailegeze kidogo tu, uvuje taratibu, na keshokutwa arudi aukute mtupu. Nani angejua? Bwana King'ora angeanguka mara ya pili, na mara hii asingeinuka. Alikaa na mkono pale mpaka chuma kikapata joto la kiganja chake.

Halafu akaitazama machela. Ilikuwa tupu, shuka limenyooshwa, na mtu ambaye angelala juu yake hakuwa Bwana King'ora. Angekuwa mtoto wa mtu, kitinda wa mama fulani. Mkaguzi aliikaza valvu kwa nguvu hadi kiganja kikamuuma, akashuka, akatia saini akiwa amesimama, kalamu ikatoboa karatasi.

Bwana King'ora alivuta pumzi ndefu. "Basi tumemalizana, mama," akasema.

"Hatujamalizana. Nitakuja tena."

"Lini?"

"Hutajua."

Na kweli, hakujua. Mkaguzi alimwendea siku ya sikukuu, alimwendea kwenye mvua, alimwendea siku ya harusi ya mwanawe, akamwomba radhi mama wa bwana harusi na kupita moja kwa moja kwenye magari. Alisimamisha gari barabarani, akapima geji mbele ya foleni nzima. Kila alipokwenda alitumaini kukuta kosa, na kila mara alirudi hana. Kwa sababu Bwana King'ora alikuwa ameacha kuwaamini watu. Aliamka kabla ya madereva wake, akazunguka na tochi, akagonga kila geji kwa kidole, akafungua na kufunga kila mlango. Mke wake aliwaambia majirani kwamba mzee anashtuka usingizini kwa mlio wa mluzi. Akimwona mwanamke yeyote na mkoba anakatiza kuelekea getini, alisimama wima. Wagonjwa waliobebwa na magari yake walifika wanapumua, wakamwombea dua, na yeye dua hizo zilimpita tu kama upepo, maana akili yake ilikuwa kwenye geji.

Mama hakufurahi aliposikia kwamba saini imetolewa. Siku kadhaa alikula bila kuuliza lolote, na kimya hicho kilikuwa kizito kuliko swali. Mwishowe binti yake akamketisha, akamweleza hali ilivyo: yule bwana halali, hapumziki, analazimika kuwa mtu mwema kila siku ya Mungu, na siku atakayochoka kuwa mwema atamkuta Mkaguzi amesimama mlangoni.

Mama akakunja mikono.

"Kila siku?" akauliza.

"Kila siku, mama."

"Hata akizeeka?"

"Hata akizeeka."

Mama akavuta sahani karibu, akaanza kula kwa hamu.

"Basi Mungu ampe maisha marefu," akasema.